Hatua ya timu dhidi ya saa: kupanga mstari, kupokezana zamu na kufika mkiwa wa kutosha

Maswali yanayorudi kila msimu ni yale yale: zamu ya mbele iwe ya sekunde ngapi, aliyechoka akae wapi, kiongozi akipata pancha wote wasimame au la, na mwishoni wabaki wangapi. Mwongozo huu ni wako wewe uliyetajwa kwa mara ya kwanza kwenye kikosi kitakachokimbia hatua ya aina hii ndani ya mbio za baiskeli za siku nyingi, yaani siku ambayo kila timu huanza peke yake na kushindana na saa, watu wake wakipokezana kukaa mbele kukata upepo, na wako pia wewe mkurugenzi mpya wa timu utakayekaa garini nyuma yao. Tunachukulia kwamba kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako kwa kasi ya mbio si jambo geni kwako.

Shika jambo moja kwanza, maana mengine yote yanatoka hapo. Kasi ya timu si kasi ya mwenye nguvu kuliko wote, ni kasi ya yule wa mwisho ambaye muda wake unahesabiwa. Mwenye nguvu za ziada azitoe kwa kukaa mbele muda mrefu zaidi, asizitoe kwa kuongeza kasi. Timu nzuri kabisa zimeharibu hatua hizi kwa sababu mtu mmoja alijisikia vizuri akaja mbele na kuongeza kilomita mbili kwa saa.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Kitabu cha kanuni cha mbio hizo hizo, cha mwaka huo huo. Msitegemee kumbukumbu ya mwaka jana.
- Orodha ya waendeshaji wote pamoja na wati (kipimo cha nguvu ya kukanyaga) anazoweza kila mmoja kuhimili kwa saa nzima (hapa tutaziita wati za saa moja), uzito, urefu, na hali yake ya leo. Hali ya leo ndiyo inayosahaulika. Hatua ikiwa ya kwanza wote ni wazima, ikiwa ya tisa, wengine wana majeraha ya kuanguka na wengine wamekwisha kuondoka. Kwenye Tour de France ya 2015, hatua ya tisa kutoka Vannes hadi Plumelec, timu ya Orica-GreenEDGE walianza wakiwa 6 tu kati ya 9.
- Ramani ya njia yenye kila kona, kiplefti, tuta, mwinuko na mahali upepo unapobadilika.
- Baiskeli za mbio za saa ambazo zimeshapimwa kwa vipimo vya UCI (shirikisho la kimataifa la baiskeli), na baiskeli za akiba juu ya gari zilizowekwa vipimo vya mwili wa kila mtu.
- Redio za sikioni zilizojaribiwa kofia ya mbio ikiwa kichwani. Baadhi ya kofia hizi hufunika sikio na kubadilisha sauti.
- Maneno matano au sita ya kuitana, yaliyokubaliwa na wote, hata kama timu ina watu wa lugha tano.

1. Soma kanuni ya muda, kisha amua mtamaliza wangapi

Kuna kanuni mbili, na mbinu zake zinatofautiana kabisa.

Ya zamani: saa ya timu husimama kwa mtu wa nne au wa tano kuvuka mstari. Tour de France ya 2018 mjini Cholet (km 35.5) na ya 2019 mjini Brussels (km 27.6), timu zilikuwa na watu 8 na muda ulichukuliwa kwa wa nne. Kule Plumelec mwaka 2015 timu ya watu 9 ilihesabiwa kwa wa tano. Waliofika na kundi hupewa muda wa kundi, na aliyeachwa njiani hupewa wake mwenyewe, ndiyo maana kiongozi wa timu, anayewania msimamo wa jumla (jumla ya muda wa siku zote), haachwi hata kwa sekunde tano.

Mpya: kila mtu hupata muda wake, na ushindi wa hatua hupimwa kwa wa kwanza wa timu kufika. Paris–Nice ilianza kuitumia mwaka 2023, na Tour de France ya 2026 ilipangwa kuanza Barcelona kwa utaratibu huo. Hapa wenzake wanamvuta kiongozi kwa miguu yao mpaka wanakwisha mmoja mmoja, naye anamalizia peke yake.

Kwa kanuni ya zamani, panga kumaliza na mtu mmoja zaidi ya wanaohesabiwa. Muda ukiwa wa nne, fikeni kilomita ya mwisho mkiwa watano. Mkifika wanne kamili, pancha moja au msuli mmoja kukaza unawafungia nyote barabarani mkimsubiri mtu.

2. Kagua njia mara mbili

Mara ya kwanza taratibu, mkisimama kwenye kona ngumu. Mara ya pili kwa kasi ya mbio kwenye vipande vigumu tu, siku yenyewe asubuhi barabara ikifungwa. Kila kona ipewe jibu moja kati ya matatu: inapitwa mkiwa mmelaza viwiko kwenye vishikio vya mbele, inapitwa mikono ikiwa kwenye breki, au inahitaji kufunga breki kabisa. Andikeni majibu hayo, mkurugenzi ayasome redioni mita 300 kabla ya kila kona.

Gari au baiskeli moja ipite tena karibu na muda wenu wa kuanza. Barabara hubadilika ndani ya saa moja. Kwenye Vuelta (mbio za Hispania) ya 2019 pale Torrevieja, maji yaliyomwagika kwenye kona moja yaliwaangusha timu ya Jumbo-Visma katika hatua ya km 13.4 tu. Na kwenye Vuelta ya 2023 mjini Barcelona, hatua ya km 14.8 ilikimbiwa kwenye mvua na giza likiingia, kwa hiyo aliyekagua njia mchana mkavu aliijua barabara nyingine.

3. Panga mstari kwa mwili, si kwa cheo

Nyuma ya mtu mrefu mwenye mabega mapana kuna kinga nzuri ya upepo. Nyuma ya mpanda milima mwenye kilo 58, jitu la sentimita 193 halipati kitu. Kwa hiyo:

- Mdogo akae nyuma ya mkubwa, na nyuma ya huyo mdogo aje mtu wa wastani. Usimweke mrefu kuliko wote nyuma ya mfupi kuliko wote.
- Injini mbili kubwa, yaani wenye nguvu kuliko wote, zisifuatane. Zikifuatana, kasi hupanda kwa dakika nzima kisha hushuka zamu za wengine zikifika.
- Kiongozi mwepesi akae nyuma ya mtu laini, asiyepiga pedali kwa vishindo. Ulaini wa huyo wa mbele yake una thamani kuliko wati zake.
- Anayejua kona kuliko wote awekwe ili zamu yake iangukie kipande chenye kona nyingi. Ikishindikana, mkurugenzi amwite mbele kwa makusudi.

Mpangilio huu mtaubadilisha njiani watu wakichoka, lakini mnaanza nao.

4. Andaa baiskeli

Gia: gia ya mbele yenye meno 58 na ya nyuma yenye meno 13 inakupa kama mizunguko 98 ya pedali kwa dakika ukiwa km 55 kwa saa, na ukiweka 14 nyuma inakuwa kama 105. Chagua ili kasi yenu ya kawaida iangukie katikati ya kaseti (rundo la gia za nyuma), mahali mnyororo unapokwenda karibu sawa. Mwenye gia ndogo mno huishiwa mteremkoni na kufungua pengo pale ambapo kila mtu alidhani anapumzika.

Magurudumu: la nyuma lililozibwa lote, la mbele lenye ringi pana. Upepo wa ubavuni ukiwa mkali, waendeshaji wepesi wapunguze kina cha ringi ya mbele hata kama wanapoteza kidogo. Mtu anayepigana na usukani hawezi kukaa sentimita 25 kutoka gurudumu la mwenzake, na kinga anayoipoteza kwa kukaa mbali ni kubwa kuliko faida ya ringi.

Tairi za milimita 25 hadi 28. Presha inategemea uzito, upana na barabara, ila soma kwanza kikomo kilichoandikwa kwenye ringi, kwa kuwa ringi zisizo na ndoano ya kushika ukingo wa tairi mara nyingi huishia bar 5. Barabara ikilowa, punguza kama nusu bar.

Kipimo cha chini cha uzito wa baiskeli ni kilo 6.8, na nafasi ya viwiko na vishikio vya mbele hupimwa kulingana na urefu wa mwendeshaji. Baiskeli zifike kwa makamisaa (waamuzi wa mbio) angalau dakika 15 kabla ya kuanza. Nenda nusu saa kabla, ili ikikataliwa fundi apate muda wa kurekebisha. Onyo: hata baiskeli za akiba zipimwe. Timu nyingi hupima nane za kwanza na kusahau zile za juu ya gari.

5. Fanyeni mazoezi ya kubadilishana kabla ya mazoezi ya kasi

Siku mbili au tatu za pamoja zinatosha kama wote wana uzoefu. Anzeni km 40 kwa saa, kazi ikiwa ni kutoka mbele, kurudi nyuma na kuingia bila pengo. Kisha 45, kisha 50. Msiende kasi ya mbio mpaka dakika kumi zipite bila mtu kuita pengo.

Umbali kati ya tairi na tairi uwe sentimita 20 hadi 30. Onyo kubwa: mkono ukiwa kwenye vishikio vya mbele, breki haifikiki. Kasi hupunguzwa kwa kulegeza pedali, kwa kuinua kifua kidogo upepo ukupige, au kwa kusogea nusu upana wa tairi upande mmoja. Tairi lako la mbele lisipite kamwe usawa wa tairi la nyuma la aliye mbele yako, kwa sababu akiyumba kidogo, wewe ndiye unayeanguka, na walio nyuma yako wanakuangukia.

6. Kula, pasha mwili moto, ingia kwenye mstari

Mlo mkuu wa wanga uwe muda wa saa tatu kabla ya kuanza. Hatua ya dakika 30 haihitaji zaidi ya jeli moja dakika 15 kabla ya kuanza na maji kidogo, na chupa moja kwa mtu inatosha.

Kupasha moto huchukua dakika 30 hadi 40 juu ya stendi, baiskeli ikiwa imefungwa mahali pamoja: robo saa laini, dakika kumi mkipanda polepole hadi karibu na wati za saa moja, kisha vipande vitatu vya dakika moja vikali kiasi na mapumziko katikati. Malizeni dakika 10 kabla. Kwenye joto kali vaeni fulana za barafu muda wote huo. Hatua ya namna hii huanza kwa ukali wake wote, na mwili uliopoa huonekana ndani ya kilomita mbili za kwanza.

7. Mwanzo: dakika moja ya subira

Wa kwanza asiruke kama anakimbilia utepe. Anapanda hadi kasi ya mbio kwa sekunde 25 hadi 30 akiwa ameketi au amesimama kidogo, na hatoki mbele mpaka asikie wa mwisho akiita "tupo". Zamu za mzunguko wa kwanza ziwe fupi, sekunde 10 hadi 15 kwa kila mtu, hata kwa wale wakubwa. Kila mtu aonje mbele mara moja kabla ya kuanza zamu ndefu.

Kosa la kawaida hapa ni msisimko. Kila mtu anajisikia mwepesi dakika mbili za kwanza, wati zinasoma 500 na zaidi, na deni hilo hulipwa kilomita ya kumi na nane.

8. Zamu

Hapa ndipo mnaposhinda au kupoteza hatua, kwa hiyo soma taratibu.

*Urefu wa zamu.* Wenye nguvu sekunde 30 hadi 45, wa kati 15 hadi 20, dhaifu wa siku hiyo 5 hadi 10 au aruke kabisa. Kwa km 55 kwa saa, sekunde 20 ni kama mita 305. Mbele, wengi huhimili asilimia 110 hadi 120 ya wati zao za saa moja kwa muda huo. Wa pili kwenye mstari anaokoa kama theluthi ya kazi, na walio nyuma zaidi huokoa hata zaidi ya hapo. Hata wa mbele hupata nafuu ndogo kwa kuwa na mtu karibu nyuma yake.

*Kasi.* Ukiingia mbele, tazama namba moja tu: kasi uliyoikuta. Ishike. Usitazame wati kwa sekunde tano za kwanza, maana zitapanda zenyewe upepo ukikupiga. Ukiona kasi imeshuka kilomita moja kwa saa na huwezi kuirudisha kwa utulivu, toka, hata kama zamu yako ilipangwa sekunde 40 na umefika 22. Kwenye km 25, tofauti ya km 55 na 54 kwa saa ni sekunde 30. Kwenye Tour de France ya 2013 mjini Nice, Orica-GreenEDGE walishinda hatua ya km 25 kwa wastani wa km 57.8 kwa saa, na waliowafuata walikuwa chini ya sekunde moja nyuma. Hakuna nafasi ya mtu kushupaa mbele kwa ajili ya heshima.

*Kutoka.* Ishara ya kiwiko, kisha sogea pembeni kwa upana wa usukani mmoja, usizidi. Legeza pedali lakini usiache kuzungusha. Mstari wa watu 8 una urefu wa mita 15 hivi, kwa hiyo ukipungua km 5 kwa saa unafika nyuma kwa sekunde kumi au kumi na moja. Ukitanuka mbali na mstari, unarudi kwenye upepo mtupu ukiwa umechoka, na unawazuia wengine njia.

*Kuingia nyuma.* Hili ndilo linalowaacha watu wengi kuliko zamu zenyewe. Aliyetoka mbele yuko kwenye sekunde zake mbaya kuliko zote, na papo hapo anatakiwa aongeze kasi. Usisubiri wa mwisho akupite. Anza kukanyaga pale tairi la nyuma la wa pili kutoka mwisho linapofika usawa wa usukani wako, ili wa mwisho anapopita wewe tayari una kasi yake. Wa mwisho anakusaidia kwa kuita "mwisho!" akiwa bado mita mbili nyuma yako.

*Kuruka zamu.* Aliyechoka asije mbele akadondosha kasi kisha akatoka. Abaki mkiani. Kila anayerudi kutoka mbele aingie mbele yake, naye amfungulie nafasi kwa kuita "ndani!". Mkiwa na wawili wanaoruka, wakae mkiani wote wawili na aliye mbele kati yao ndiye afungue nafasi. Kuruka zamu mbili na kurudi kazini ni msaada mkubwa kuliko kuvuta zamu moja ya ushujaa na kuachwa. Mkurugenzi aliseme hili mbele ya wote kabla ya mbio, ili kijana asione aibu kukaa nyuma.

Watu sita wakizunguka, watatu kwa sekunde 40 na watatu kwa 15, mzunguko mzima ni sekunde 165. Mwenye zamu ya 40 anapata zaidi ya dakika mbili za kujificha. Hesabu hii ifanyeni kabla na muijue kwa vichwa.

9. Upepo wa ubavuni

Anayetoka mbele hutokea upande upepo unakotoka. Upepo ukitoka kushoto, toka kushoto. Waliobaki hukaa kulia kidogo ya gurudumu la mbele yao, na anayerudi nyuma anawakinga njiani. Barabara ikipinda, upande hubadilika, na mkurugenzi ndiye mwenye ramani: aite "toka kulia" kabla ya kona, si baada. Wa mbele aache nafasi ya barabara upande wa kinga. Akishika ukingo, wa nne na kuendelea wanabaki kwenye upepo wakiwa mstari mmoja.

10. Kona

Hakuna kubadilishana ndani ya kona wala mita 50 kabla yake. Wa mbele akitoka kwenye kona, wa mwisho bado yumo ndani, sekunde moja au mbili nyuma. Kwa hiyo mizunguko mitano ya kwanza ya pedali baada ya kona iwe ya kiasi, kisha ndipo mrudi kwenye kasi. Wa mbele akikanyaga kwa nguvu papo hapo, wa mwisho anafukuza kwa wati 700 ambazo hakuna anayeziona isipokuwa yeye, na kona nane za namna hiyo zinammaliza mtu bila zamu hata moja.

11. Milima

Kasi ikishuka, kinga ya upepo hupungua na kila mtu hubeba uzito wake. Mtu mzito aliyewavuta tambarare nzima anaweza kuachwa kwenye mwinuko wa dakika mbili, hasa kama ametoka zamuni mlima ulipoanza. Wakubwa wavute hadi mguu wa mlima, watoke, na waanze kupanda wakiwa katikati ya mstari, si mkiani.

Mlimani dari ya kasi huwekwa na dhaifu ambaye bado mnamhitaji. Wa nne wenu akiweza wati 5.8 kwa kila kilo kwa dakika nne na kiongozi akaweza 6.5, mnapanda kwa 5.8. Wa mbele awe mtu wa kushika mwendo ule ule.

Kileleni mstari unavunjika kwa urahisi. Kwa km 30 kwa saa, wa mwisho wa watu wanane anafika juu kama sekunde mbili baada ya wa kwanza. Wa kwanza asiongeze mpaka wa mwisho aite "juu".

12. Kuwaachia watu, na kilomita za mwisho

Kwa kanuni ya zamani: mtu anayejua hatafika na kundi avute zamu moja ndefu ya mwisho, aseme "naondoka", kisha asogee pembeni kabisa akiwa wazi. Asijaribu kuingia tena, na pia asipoteze muda ovyo, kwani kikomo cha muda cha hatua bado kinamhusu. Kuanzia km 3 za mwisho, msiachie mtu mwingine isipokuwa yule mmoja wa ziada. Plumelec ilimalizikia kwenye mlima, na Team Sky walikuwa na watano tu waliobaki. Nicolas Roche akapungukiwa kwenye mlima huo, wenzake wakalazimika kupunguza mwendo kumsubiri kwa kuwa yeye ndiye wa tano. BMC wakachukua hatua kwa sekunde moja.

Mita 200 za mwisho tandazeni barabarani ubavu kwa ubavu. Mkifika mstarini mmoja nyuma ya mwingine, wa nne yuko mita sita nyuma ya wa kwanza, yaani karibu sekunde 0.4 za bure kwa km 55 kwa saa.

Kwa kanuni mpya: hesabuni kurudi nyuma kutoka mstarini. Msaidizi wa mwisho anavuta dakika moja kwa nguvu zote na kumwachia kiongozi kati ya mita 600 na kilomita moja kabla ya mwisho. Kabla yake mwingine sekunde 45, na kabla ya huyo mwingine tena. Mwisho ukiwa wa kupanda, kiongozi aachiwe mapema zaidi, kwenye mguu wa mlima. Ukiwa tambarare, asitoke peke yake km 3 kabla, hata akijisikia na nguvu, kwa sababu akiwa peke yake anafanya kazi yote ya upepo ambayo angeigawana na mtu wa pili. Kama wawili wana nafasi kwenye msimamo wa jumla, amueni usiku uliotangulia kama mnawafikisha wote au mmoja.

Mambo yakiharibika

*Mapengo kila baada ya zamu.* Wanaorudi wanachelewa kukanyaga, au anayeingia mbele anaongeza kasi. Mkurugenzi atazame kwa nyuma: pengo likitokea mkiani, ni la kwanza. Likitokea katikati, ni la pili. Kwa la pili mtaje mtu kwa jina redioni, mara moja, kwa sauti ya kawaida.

*Wawili wameachwa kabla ya nusu ya njia.* Punguzeni km 1 kwa saa kwa dakika mbili na panga zamu upya. Waliobaki wakijaribu kufidia kwa hasira, wa tatu atafuata.

*Pancha.* Orodha ya wanaosubiriwa iandikwe kabla ya kuanza. Kwa kawaida ni kiongozi peke yake, na mtu yeyote iwapo mko kwenye idadi kamili inayohesabiwa. Kiongozi abadilishiwe baiskeli nzima, si gurudumu. Watu wawili wakubwa wamsubiri wakienda taratibu, wengine washike kasi ya chini kidogo mpaka aungane. Onyo: kumsukuma mwenzako kwa mkono ni marufuku, hata katika hatua ya timu.

*Mtu ameanguka.* Walio mbele wasigeuze kichwa, mkurugenzi ndiye anayesema nani yuko chini. Kwenye Tour ya 2005, David Zabriskie wa timu ya CSC alianguka akiwa na jezi ya njano (ya anayeongoza msimamo wa jumla) zikiwa zimebaki chini ya km 2. CSC waliendelea, wakapoteza hatua kwa sekunde 2, naye akapoteza jezi. Uamuzi wa kusubiri au kuendelea ni wa garini, na unatakiwa ndani ya sekunde tatu.

*Redio imekufa.* Nahodha wa barabarani, aliyetajwa kabla, anachukua amri. Kaeni kwenye mpango wa maandishi wa kona, uliobandikwa kwenye usukani wa watu wawili.

*Mnaikuta timu iliyowatangulia.* Wapiteni mkiacha nafasi ya angalau mita 2 ubavuni. Msikae nyuma yao hata kwa sekunde chache. Mkipitwa ninyi, legezeni. Baada ya kilomita moja mnatakiwa muwe angalau mita 25 nyuma yao, na makamisaa hutoa adhabu ya sekunde.

*Gari liko karibu mno.* Linatakiwa liwe angalau mita 10 nyuma ya wa mwisho. Dereva akisogea ili mkurugenzi aone vizuri, adhabu ni ya timu nzima.

*Mvua imeanza mkiwa njiani.* Ongezeni umbali hadi nusu mita kwenye kona tu, pitisheni anayejua kona mbele, na kubalini kupoteza sekunde moja kwa kila kona yenye rangi nyeupe barabarani. Tambarare endeleeni kama kawaida, kinga ya upepo ni ile ile.